Kabla ya kisu, wahesabu kwanza

Hapa Ruashi wengi wetu tunaogopa kisu cha munganga. Baba anabeba henia yake miaka na miaka, mama anakataa sezariani mpaka saa imepita. Woga huo si wa bure kabisa. Lakini sikia namna kazi ya kupasua imebadilika.

Unajua watu wa mine: mbele ya kulipua dinamiti, lazima wahakikishe kama kila mutu ametoka. Basi, mwaka 2008 shirika la afya la dunia, OMS, liliwapa waganga karatasi moja ya mambo 19 ya kuangalia. Ilijaribiwa katika hospitali 8: moja huko Ifakara, Tanzania, zingine katika miji kama London na Manila. Mbele yake, wagonjwa 15 hivi juu ya 1.000 walikuwa wanakufa kiisha kupasuliwa. Na karatasi, 8.

Inauliza nini? Mbele ya dawa ya usingizi: huyu ni nani, anapasuliwa fasi gani, kuna dawa ambayo mwili wake unakataa? Wanamufunga kamashini kadogo kwenye kidole. Kanapitisha mwangaza ndani ya damu na kuonyesha kama hewa safi inafika. Ikipunguka, kanalia mbele macho ya munganga hayajaona kitu. (Njia hiyo ilivumbuliwa na Mujaponi, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970.) Mbele ya kukata: vyombo vimesafishwa vizuri? Dawa ya kuzuia vijidudu imetolewa ndani ya saa moja iliyopita? Na mbele ya kutoka wanahesabu sindano, makasi, vitambaa vya kupangusia damu. Kimoja kikikosa kinatafutwa, maana pengine kimebaki tumboni.

Sasa wewe, jamaa ya mugonjwa. Usione haya kuuliza: "Munganga, ile karatasi munaitumia? Kamashini ya kidole iko?" Taja dawa zote anazokunywa, hata za mizizi. Na ile tabia ya nyanya kuingiza uji kwa siri usiku, eti mutoto asilale njaa: hapana! Chini ya dawa ya usingizi uji unapanda kwenye koo na kuingia ndani ya mapafu. Munganga ndiye anasema saa ya mwisho ya kula na ya kunywa maji. Kama mutoto amekwisha kula, musifiche. Watawarudisha mpaka kesho, na pesa ya taksi itapotea. Ipotee tu.