Krismasi ya mvua Buzebazeba: ruzuku ikichelewa Desemba, hasara yake ni mara mbili

Leo naomba tuache siasa pembeni kidogo tuongee jambo linalogusa sufuria. Kila ikifika Desemba nasikia swali lile lile huku kwetu Buzebazeba: "Hivi pesa za TASAF zinatoka kabla ya sikukuu au baada?" Anayeuliza anauliza huku anatazama juu, maana wingu jeusi limeshafunga upande wa ziwa.

Wengi, hasa walio Dar na nje ya nchi, huwa wanacheka. Elfu ishirini, thelathini, mtu mzima anaililia hivyo? Nimeona nieleze jinsi mambo haya mawili, mvua na pesa, yanavyokutana mwezi mmoja. Na nitawaambia pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ingawa sijisikii vizuri kulisema.

MVUA YENYEWE

Dar na Tanga wana vuli na masika. Sisi Kigoma, pamoja na Tabora na Katavi, tuna msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Sababu ni kwamba ule ukanda wa mvua unalifuata jua. Jua likielekea kusini mwishoni mwa mwaka, ukanda unashuka nalo na kupita juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo wenzetu wa Ulaya wanaposubiri theluji ya Krismasi, sisi tunasubiri radi. Desemba kwetu ni katikati ya msimu, ardhi imeshashiba maji, na dhoruba moja ya usiku inatosha kuangusha kilichokuwa kimesimama.

Na kinachoanguka kwanza ni nyumba ya tofali mbichi. Tofali la udongo lisilochomwa ni zuri, halina gharama, nyumba yake ni baridi wakati wa jua. Lakini lina adui mmoja, maji yanayotuama chini ya ukuta. Watu wanahangaika na bati kumbe ukuta unaliwa kwa chini. Udongo unalainika taratibu siku tatu, nne, halafu usiku wa tano unasikia "puuu!" na upande mzima umelala.

Halafu kuna ziwa. Tanganyika linapokea maji ya mito mingi, Malagarasi na Rusizi ikiwemo, lakini mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo. Maji mengine yote yanaondoka kwa kukaushwa na jua. Miaka ya mvua nyingi kinachoingia kinazidi kinachotoka, na ziwa linapanda. Tuliliona hilo 2020 na 2021, na tukaliona tena 2024, maji yalipomeza sehemu za fukwe kuanzia Bujumbura na Uvira mpaka huku kwetu. Wazee nao wanakumbuka mvua za mwanzoni mwa miaka ya 60, ziwa lilipopanda sana.

DAGAA HAWAKAUKI KWENYE MVUA

Hapa ndipo watu wa mbali wanapopotea. Wanadhani mvua ni shida ya nyumba na barabara tu. Kumbe mvua inakula kipato moja kwa moja.

Akina mama wengi wa mwambao huu wanaishi kwa dagaa. Mvuvi anarudi alfajiri, mama ananunua ndoo mbili tatu Kibirizi au Katonga, anaanika kwenye mchanga au kwenye chanja, jioni anakusanya mzigo mkavu wa kuuza. Kiwanda chake ni jua. Siku ya mawingu dagaa wanalegea, siku ya mvua wanaoza, na mtaji umeondoka nao. Biashara ya dagaa wabichi Desemba ni kama kamari.

Sasa jumlisha. Mwezi ambao mama huyu hana jua la kukaushia dagaa ndio mwezi ambao ukuta unadai kuzibwa, mkaa unapanda bei kwa sababu ya njia mbovu, watoto wanataka wali wa sikukuu, na Januari iko mlangoni na sare na madaftari yake. Ada zilifutwa tangu Januari 2016, ni kweli, lakini mtoto haendi shule amevaa tangazo la kufutwa ada.

Ndiyo maana nasema elfu ishirini ya Agosti na elfu ishirini ya Desemba si pesa moja.

RUZUKU INAVYOSAFIRI

TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na mwanzoni watu tuliijua kwa kujenga madarasa na zahanati. Mpango wa kunusuru kaya maskini, yaani wa kumpa mlengwa pesa mkononi, ulizinduliwa 2012 wakati wa Rais Kikwete, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020 na Rais Magufuli. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, na nyongeza kwa wenye watoto, kwa masharti kwamba mtoto aende shule na mdogo apelekwe kliniki. Utaratibu ulikuwa kulipa kila baada ya miezi miwili, ndiyo yale wanayoyaita madirisha ya malipo.

Miezi miwili. Hapo pazingatie. Dirisha moja likisogea wiki tano tu, kaya imekaa zaidi ya miezi mitatu bila kitu. Mwenye mshahara akicheleweshewa wiki tano anapiga kelele mpaka chama cha wafanyakazi kinasikia. Mlengwa wa Buzebazeba anamwambia mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti anamwambia "subirini", basi.

Kwa nini linasogea? Kwa jinsi ninavyouelewa mnyororo wenyewe, pesa ina vituo vingi. Kwanza fungu lenyewe lipatikane, na sehemu kubwa ya fungu hili imekuwa mikopo na misaada ya wafadhili, Benki ya Dunia ikiwemo, yenye taratibu zake. Pili orodha ihakikiwe: nani amefariki, nani amehama, mtoto gani hakwenda shule. Tatu pesa ishuke mpaka halmashauri na mtaa, au iingie kwenye simu. Nne, mtu wa mwisho aweze kuichukua. Kituo kimoja kikikwama, huku chini tunachokiona ni kimoja tu: hakuna pesa. Hatujui kama tatizo liko kwa mfadhili, kwenye orodha, au kwa wakala wa hapo kona ambaye hana floti.

Na mvua inavipiga vituo vya mwisho. Malipo ya taslimu yanataka watu wakusanyike mahali pamoja, na bibi wa miaka 75 havuki korongo linalotiririka. Malipo ya simu yanataka mtandao na chaji, na dhoruba ikikata umeme siku mbili simu ya kitochi inazima na mnara nao unasinzia. Wakala anakwambia "njoo kesho mama". Kesho mvua ipo pale pale.

KOSA LANGU

Sasa hili la kwangu. Nina mama mkubwa, dada yake mama yangu, anaishi hapa hapa Buzebazeba na wajukuu watatu. Ni mlengwa. Malipo yalipoanza kuingia kwenye simu alihitaji laini iliyosajiliwa kwa jina lake, kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Vidole vyake vilikataa. Mtu aliyelima muhogo na kukamua mawese miaka hamsini, vidole vyake vimekuwa laini kama sahani, mashine haioni mistari. Na kitambulisho chenyewe alikuwa bado anakifuatilia. Sisi wa mikoa ya mpakani mnajua uhakiki wetu ulivyo mrefu, mpaka babu yako kazikwa wapi.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikamwambia, "Mama, usihangaike, nitakusajilia laini kwa jina langu, pesa ikiingia nakutolea." Akaniambia, "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma." Namba nikaipeleka, nikasahau.

Desemba moja, miaka michache iliyopita, majirani zake wakapata ujumbe kwenye simu. Yeye kimya. Mvua ilikuwa ya kila siku. Siku tatu kabla ya Krismasi, usiku, ukuta wa chumba cha wajukuu ukalala. Ashukuriwe Mungu watoto walikuwa wamehamia kwa bibi yao kwa sababu ya kuvuja. Asubuhi nikafika, nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anatazama nje kupitia mahali palipokuwa na ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile pesa imeingia?"

Nilikwenda kuuliza, nikaelezwa jambo la aibu kabisa: jina la laini na jina la mlengwa havilingani, kwa hiyo malipo yamezuiwa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyezembea. Huo ni ulinzi uliowekwa ili watu kama mimi wasile pesa za watu kama yeye. Kosa lilikuwa langu. Kurekebisha kulichukua mpaka Februari.

Krismasi ile tulikula ugali wa muhogo na migebuka, turubai likiwa ukutani. Wajukuu walicheza, watoto ni watoto. Lakini yeye alikopa dukani mchele, mafuta na misumari, kwenye daftari. Na bidhaa ya daftari, kila mtu anajua, bei yake si ile ya anayelipa papo hapo. Mtaji wa dagaa uliliwa. Januari mjukuu mmoja alichelewa kuanza shule wiki mbili kwa kukosa sare, na kuhudhuria shule ndilo sharti lenyewe la ruzuku! Mnaona mduara huo? Pesa ilipokuja Februari yote iliingia kwenye deni. Haikuzaa kitu. Ndiyo maana yangu ninaposema hasara mara mbili: unaikosa inapotakiwa, na ikija inakuta imeshaliwa.

WENZETU JE?

Jambo hili si la Kigoma peke yake. Kenya wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi, na tangu 2018 iliwafikia wazee wote wa miaka 70 na kuendelea. Nako malipo yamewahi kulimbikizwa miezi kadhaa, wazee wakipiga foleni bila majibu. Zanzibar walianzisha pensheni jamii Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70, kwa fedha za serikali yenyewe. Mimi naona kuna somo pale: sharti kubwa ni umri, hakuna orodha ndefu ya kuhakiki umaskini wa mtu, na fungu halisubiri mfadhili. Vituo vya kukwama vinapungua.

TUFANYE NINI

Kwa walengwa na watoto wao wenye simu kubwa kama mimi: hakikisha jina la laini, la kitambulisho na la kwenye orodha ni moja, herufi kwa herufi. Fanya hivyo Agosti wakati wa kiangazi, usisubiri Desemba. Vidole vikikataa, rudi kwa kamati ya jamii ya mtaani na kwa mratibu wa halmashauri uombe utaratibu mwingine. Usichukue njia ya mkato niliyoichukua mimi. Chimba mtaro kuzunguka nyumba kabla ya Novemba, ni jembe na siku moja tu. Na wale walio kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, gawaneni mwanzoni mwa Desemba, msingoje mwisho wa mwaka.

Kwa wakubwa ombi langu ni dogo. Dirisha la mwisho wa mwaka kwa mikoa ya mvua ya Novemba hadi Aprili lilipwe mapema, kabla njia hazijakatika. Na likishindikana, watu waambiwe. Ujumbe mfupi tu: "Malipo yatachelewa mpaka tarehe fulani." Mama mkubwa angejua mapema kwamba hakuna kitu, asingenunua ndoo mbili za dagaa kwa pesa ya mwisho akitegemea ruzuku itaingia kesho. Maskini anajua kupanga sana, kuliko sisi, ila huwezi kupanga na pesa usiyojua siku yake.

Ukuta tulishaujenga upya, safari hii kwa tofali za kuchoma, na laini ni ya jina lake. Ila kila wingu likifunga upande wa Kongo bado ananipigia: "Mwanangu, hebu nitazamie kama imeingia."

Sijui huko kwenu hali ikoje, hasa Uvinza, Kasulu na Kalya. Tuambizane hapa chini, na mwenye kujua zaidi yangu anisahihishe. Naomba kuwasilisha.