Mali Bila Daftari: Wenye Vipande Tujihesabie Wenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliotuachia neno hili walimkusudia mwenye duka na mwenye jahazi, lakini leo linamhusu vilevile mtumishi wa umma, mwalimu, mvuvi na mkulima wa karafuu waliotia akiba zao katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mali ya namna hii haionekani kwa macho. Si shamba wala nyumba. Ni hesabu ya vipande iliyoandikwa katika vitabu vya meneja wa mfuko. Ikiwa mwenyewe naye hana daftari lake, basi anamiliki kitu asichokijua.

Fikra ya kuchanga fedha za wengi na kuziwekeza kwa pamoja si ngeni duniani. Mwaka 1774, mjini Amsterdam, Adriaan van Ketwich aliasisi mfuko wa aina hiyo, akaupa jina lenye maana ya kwamba umoja huleta nguvu. Sisi nasi, Mfuko wa Umoja ulipoanzishwa mwaka 2005 chini ya UTT, tulifuata maana hiyo hiyo. Baadaye ikaja mifuko mingine, kama vile Watoto, Jikimu na Ukwasi. Mwananchi wa Unguja au Pemba anayo haki ya kujiunga sawasawa na mwenziwe wa Bara.

Mkulima wa karafuu hatapata taabu kuelewa mambo haya. Kipande ni kama pishi. Idadi ya pishi ni jambo moja, na bei ya pishi ni jambo jingine; thamani ya mali ni zao la hayo mawili. Tofauti ni kwamba bei ya kipande hupanda na kushuka kwa kufuata thamani ya hisa, hatifungani na amana zilizomo ndani ya mfuko.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtumishi ametia shilingi 1,000,000 kipande kikiwa shilingi 400, akapata vipande 2,500. Baada ya muda akatia 1,000,000 nyingine kipande kikiwa 500, akapata vipande 2,000. Leo kipande ni shilingi 480, na vipande vyake 4,500 vina thamani ya shilingi 2,160,000. Akitazama salio peke yake atasema fedha yake imezaa zaidi ya maradufu, hali ya kuwa milioni mbili ni jasho lake mwenyewe. Akisikia kwamba bei imepanda kutoka 400 hadi 480, atadhani amepata faida ya asilimia 20. Ukweli ni kwamba faida yake ni shilingi 160,000, yaani asilimia 8. Mfuko una faida yake, na mwenye vipande ana yake. Hii ya pili hakuna tangazo litakalomwambia.

Hesabu hiyo ndiyo inayofanywa na programu za kompyuta za fedha za nyumbani. Kampuni ya Intuit ya Marekani, iliyoasisiwa mwaka 1983, ndiyo iliyotoa Quicken. Microsoft ikafuata na Money mwaka 1991. Ipo pia GnuCash, ambayo hutolewa bure na huandika kila shilingi mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, kama afanyavyo mhasibu aliyesomea kazi yake. Kwa wenzetu wa Marekani programu hizi huweza kuvuta bei za mifuko zenyewe kwa mtandao. Sisi hatuna budi kuandika kwa mkono bei iliyotangazwa na meneja wa mfuko. Kazi hiyo si nzito. Mara moja kwa mwezi yatosha.

Yapasayo kuandikwa ni machache: tarehe, fedha iliyotolewa, bei ya siku ile, idadi ya vipande na gharama iliyokatwa. Katika kupima thamani ya leo itumiwe bei ambayo mfuko utavinunua tena vipande, si ile ya kukuuzia. Gawio nalo liandikwe, kwa sababu likishalipwa bei ya kipande hupungua kwa kiasi hicho, na asiyeliandika atadhani amekula hasara. Kisha daftari lilinganishwe na taarifa ya mfuko. Pakiwa na hitilafu, mtu aende na stakabadhi mkononi akaulize.

Aidha, tusiitegemee programu kupita kiasi. Microsoft iliacha kuuza Money mwaka 2009, na watumiaji wake wakalazimika kutafuta pa kuhamishia hesabu zao za miaka mingi. Kompyuta huharibika na simu huibwa. Kila mwaka hesabu ichapishwe katika karatasi na kuhifadhiwa mahali panapojulikana.

Yapo mambo mawili yaliyo mazito kuliko faida. La kwanza ni mirathi. Mtu akifariki na vipande vyake vimo katika simu isiyofunguliwa na mtu, wajane na mayatima hawatadai wasichokijua, na mgawanyo utafanywa kwa mali pungufu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu inahusu kuandikiana madeni. Dini iliyolitukuza andiko kiasi hicho haiwezi kuwa radhi haki ya yatima ipotee kwa uvivu wa kalamu. Hata mwenye kutaka kutoa zaka, au kuwauliza masheikh kama mfuko wake umesalimika na riba, ataanzia katika daftari hilo hilo.

La pili ni uadilifu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni. Uamuzi wa Zanzibar wa mwaka 1991 ukalegeza sharti hilo. Lakini ruhusa ilikuja pamoja na wajibu, na viongozi wa umma hutakiwa kutamka mali na madeni yao. Kiongozi asiyejua ana vipande vingapi, na alivinunua lini na kwa fedha ipi, atatamka nini?

Kwa hiyo tunawahimiza maofisa utumishi wa wizara, mikoa na wilaya wawafundishe watumishi utunzaji wa hesabu hizi mapema, wala wasingoje siku ya kukabidhiwa kiinua mgongo. Mameneja wa mifuko nao watoe taarifa kwa Kiswahili fasaha kinachofahamika Micheweni na Makunduchi. Na kila mwenye vipande, awe na kompyuta au awe na daftari la skuli la mwanawe, aanze kuandika leo. Umoja huikusanya fedha. Kuilinda ni juu ya kila mmoja wetu.