Watoto Wetu Njiani Wakati wa Likizo Kubwa

Mwezi wa 7 shule zafungwa, nao watoto wetu wa Lubumbashi waijaza njia: huyu atumwa chumvi, yule afuata mpira. Sisi wazazi twawaambia, "Tazameni motokari!" Watazama kweli; lakini mtoto asiyetimiza miaka 9 aiona motokari asiweze kupima mbio zake. Nayo iendayo kilomita 50 kwa saa hupita mita zipatazo 25 kabla ya kusimama, hata dereva akiwa hodari. Basi wadogo tuwashike mkono.

Liko na jambo tunalolisahau. Kwetu Kongo motokari hushika upande wa kuume. Ya kwanza kumfikia avukaye yatoka kushoto. Lakini ng'ambo ya Kasumbalesa, katika Zambia, hushika kushoto. Mtoto tumpelekaye kwa mjomba wake huko Ndola ageuza kichwa kushoto kama alivyozoea, kumbe lori lamjia kuumeni! Mjomba hatamwonya, maana kwake ndiyo desturi. Yatupasa sisi kumwambia kabla hajapanda basi, tukimshika mikono: kwetu tazama huku kwanza, kule tazama huku.