Asiyekuwepo na Lake Lipo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mpenzi msomaji, methali hiyo tumeirithi na tunaitumia bila kuihoji, hasa sisi tunaokaa maofisini tukishughulikia majalada ya watu tusiowaona. Hivi karibuni mchezo wa kompyuta umenifanya niitilie shaka.

Mpwa wangu anayesoma chuoni Kampala alikuja likizo akanikuta nikirudia maneno yangu ya siku zote: kwamba michezo ya namna hiyo ni upotezaji wa wakati, na huwazoeza vijana kupiga bastola. Hakubishana nami. Alisema tu, "Mjomba, cheza huu mmoja, kisha utoe hukumu."

Mchezo wenyewe waitwa Return of the Obra Dinn. Ulitolewa mwaka 2018 na Lucas Pope, Mmarekani akaaye Japani, ambaye aliubuni, akauchora, akaandika programu yake na kutunga muziki wake karibu peke yake. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa amekwisha kujipatia sifa kwa Papers, Please, mchezo unaomweka mchezaji katika kibanda cha afisa wa uhamiaji mpakani. Hapana shaka bwana huyu anaijua kazi ya karatasi na mihuri!

MELI ISIYO NA WATU

Hadithi ni ya kubuni. Mwaka 1802 meli ya biashara iitwayo Obra Dinn yaondoka London kuelekea nchi za Mashariki. Haionekani Rasi ya Tumaini Jema ilikotazamiwa, nayo yahesabiwa kuwa imepotea. Mwaka 1807 yaibuka katika bandari ya Falmouth, Uingereza, matanga yameraruka, wala hapana baharia hata mmoja anayeonekana. Mchezaji ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, aliyetumwa kuandika taarifa.

Apewa vitu viwili. Cha kwanza ni kitabu chenye orodha ya watu 60 waliokuwa melini: majina yao, kazi zao na nchi walizotoka, tangu nahodha na sarahangi hadi baharia wa kawaida. Wamo Waingereza, Wahindi, Wachina, Warusi, na hata mtu wa Sierra Leone. Kadhalika zimo picha zilizochorwa za nyuso zao, lakini hazikuandikwa majina. Kazi ni kulinganisha kila jina na uso wake, kisha kueleza yaliyompata, na kama aliuawa, ni kwa mkono wa nani.

Cha pili ni saa ya mfukoni yenye maajabu. Ukiifungua mbele ya mabaki ya maiti, kwanza wasikia gizani sauti za dakika yake ya mwisho. Halafu waiona nukta ile ile ya kifo, kila kitu kimesimama kama katika picha ya kamera, nawe wapita katikati yao ukitazama. Ulimwengu wote ni wa nukta nyeusi na nyeupe tu, mfano wa kompyuta za zamani. Siku ya kwanza nilidhani kioo kimeharibika. Siku ya tatu sikutamani rangi nyingine.

KUBAHATISHA

Kabla ya kuhamia ofisini nilisomea ualimu, na kila mwalimu anamjua mwanafunzi anayeukodolea macho uso wake ili aone kama jibu ni sahihi. Mchezo huu hauna uso wa kutazamwa. Kitabu hakithibitishi jibu moja moja. Hunyamaza mpaka uwe umepatia sawasawa yaliyowapata watu watatu, ndipo kiyapige chapa kwa mara moja. Anayebahatisha huenda akapata mmoja. Kupata watatu ni taabu.

Nami nilibahatisha. Maafisa nilikuwa nimewashughulikia kwa uangalifu mkubwa, kila mmoja kwa ushahidi wake. Walipobaki mabaharia wa chini nilichoka, nikaanza kuyapachika majina ovyo ovyo, nikijiambia kwamba yeyote atafaa. Kitabu kikanyamaza. Katika kimya kile nilikumbuka jambo ambalo sikupata kumwambia mtu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi ninayofanyia kazi, nililetewa majalada mawili ya vibarua wenye majina yaliyokaribiana sana. Ulikuwa mwisho wa mwaka na meza ilikuwa imejaa. Niliamua kwamba ni mtu mmoja, nikayaunganisha majalada, nikatia sahihi. Kumbe walikuwa wawili, na mmoja wao alikwisha fariki. Mjane wake alipokuja kufuatilia haki ya mumewe, karatasi zilimwonyesha kuwa mume yu hai na anapokea mshahara. Kwa miezi minane mama yule alikuja, mtoto mgongoni, picha ya marehemu mkononi. Mwisho tarishi mmoja mzee aliitazama picha ile na kusema, "Huyu nilifanya kazi naye. Yule mwingine ana kovu kidevuni." Jambo likatengenezwa. Sikusema kwamba sahihi ile ilikuwa yangu.

Usiku ule nilimweleza mke wangu kisa hicho. Alinyamaza kitambo, akakitazama kioo cha kompyuta, kisha akauliza, "Mbona vitanda hivyo vina namba?" Lo! Vile vitanda vya kuning'inia ambamo mabaharia hulala nilikuwa nimevipita mara tatu, nikidhani ni mapambo. Namba zake ni zile zile zilizo katika orodha. Nikafuta yote niliyobahatisha, tukaanza upya, tukitazama viatu, mavazi, lafudhi, na nani husimama karibu na nani. Majina matatu ya mabaharia wa kawaida yalipopigwa chapa, nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa nahodha.

NI MKATE WA MTU

Mwisho wa mchezo taarifa yako hufika Kampuni, na hukumu hutolewa juu ya mirathi ya kila mmoja: hawa walipwe fidia, wale watozwe faini. Hapo ndipo mchezaji atambuapo kwamba jina lililoandikwa vyema ni mkate wa mtu asiyeonekana.

Kasoro zipo. Asiyejua Kiingereza au lugha nyingine chache za kigeni hataufaidi, kwa maana Kiswahili hakimo. Mara nyingi hulazimika kungoja au kurudi ulikotoka. Tena umejaa damu na mazimwi ya baharini. Watoto wadogo wasiuone. Lakini kwa wakubwa wa nyumba ni mchezo wa kuchezwa pamoja: mmoja ashike kipanya, mmoja aandike daftarini, mwingine abishe.

Mpwa wangu amekwisha rudi chuoni, nami nimempa hukumu yangu kama alivyotaka. Ofisini, majina mawili yanapokaribiana, sasa siungi jalada kabla sijamtafuta mtu aliyemfahamu mwenye jina. Asiyekuwepo, msomaji wangu, na lake lipo. Sisi tuliopo ndio tupaswao kulitafuta.