Dawa Nzuri, Saa Mbaya

Mkulima akipulizia mahindi yake kiuatilifu cha bakteria saa nne asubuhi, na jua likawaka hadi jioni, dawa inaanza kupoteza nguvu kabla viwavi wengi hawajatoka kula. Baada ya siku chache anakuta majani yametobolewa upya na kuamini kuwa ameuziwa maji. Pengine dawa ilikuwa nzima, ila saa ndiyo haikufaa.

Tangu viwavijeshi vamizi walipoonekana Afrika mwaka 2016 na kuingia Kenya na Tanzania mwaka uliofuata, wakulima wengi wamehimizwa kutumia dawa za vimelea. Iliyo maarufu zaidi ni Bt, yaani bakteria Bacillus thuringiensis. Hii haiui kwa kugusa. Lazima kiwavi aile pamoja na jani, ndipo protini ya bakteria itoboe utumbo wake. Huacha kula ndani ya saa chache, kisha hufa baada ya siku mbili tatu. Kwa hiyo dawa inapaswa kuwa bado hai juu ya jani wakati kiwavi anapouma.

Jua halisubiri. Mionzi yake ya urujuanimno huharibu mbegu za bakteria na protini, na virusi vya kuulia viwavi ni dhaifu zaidi: juani, nguvu yao yaweza kwisha ndani ya siku moja. Mvua kubwa nayo huosha majani. Hata baridi ina hila yake, kwani kwenye nyanda za juu kiwavi aliyepoa hula kidogo, basi humeza dawa kidogo.

Kuvu wana tabia nyingine. Metarhizium hupenya kwenye ngozi ya mdudu, na ili aote anahitaji unyevu. Ndiyo maana watafiti wa LUBILOSA, mradi wa kudhibiti nzige kwa vimelea ulioanza mwaka 1989, walichanganya mbegu zake na mafuta, zikaweza kufanya kazi hata palipo pakavu. Mwaka 2009 dawa iliyotokana na kazi hiyo, Green Muscle, ilipuliziwa kwa ndege dhidi ya nzige wekundu Tanzania, katika Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, na mlipuko ukazuiwa. Lakini nzige naye hajilazi tu afe. Huota jua mpaka mwili ufikie karibu nyuzi 40, joto ambalo kuvu hawezi kukua ndani yake. Usiku wa baridi nao humchelewesha kuvu. Kifo kinaweza kuchukua wiki mbili au tatu, na mkulima asiyejua hilo hukata tamaa mapema.

Kwa mahindi, pulizia jioni jua likishapoa, viwavi wakiwa bado wadogo, na uelekeze bomba katikati ya mche, kwenye majani machanga yaliyojikunja, ambako kuna kivuli na ndiko kiwavi anakoishi. Mawingu mazito yakionekana, ahirisha. Rudia kulingana na kibandiko, maana dawa hizi hazikai wiki nyingi kama baadhi ya kemikali.

Nawaomba wauzaji wa pembejeo na maafisa ugani: mnapomkabidhi mkulima chupa, mwambieni saa ya kupulizia kama mnavyomwambia kipimo. Na msiiweke chini ya bati linalochemka mchana kutwa, maana vilivyomo ndani ni viumbe hai.