Kuchanika kwa Nyama za Paja: Kinga Isiyohitaji Fedha

Katika miezi ya Juni na Julai, jioni za Kichiwa, kata iliyo baina ya Njombe na Makambako, huwa na baridi kali. Vijana waliotoka kuvuna mahindi hukutana uwanjani, na mara timu zinapotimia mchezo huanza. Mchezaji wa pembeni anaufukuzia mpira kwa kasi yake yote. Ghafla anasimama na kushika nyuma ya paja kana kwamba amepigwa jiwe. Hakuna aliyemgusa. Nyama za paja zimechanika.

Kwa mchezaji wa kulipwa, jeraha hilo ni majuma kadhaa ya kukaa nje ya uwanja. Kwa kijana anayeishi kwa jembe, ni majuma ya kutobeba gunia wala kupanda mwinuko, tena wakati wa mavuno.

Watazamaji wengi huilaumu baridi. Ni kweli kwamba misuli iliyopashwa moto hufanya kazi vizuri zaidi, na kuanza mchezo kwa mbio za polepole ni desturi njema. Hata hivyo, baridi si kiini cha tatizo. Uchunguzi wa miaka mingi katika timu kubwa za Ulaya ulionyesha kuwa jeraha hili lilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote katika msimu wa 2001/2002. Kufikia msimu wa 2021/2022 lilikuwa asilimia 24. Timu hizo zina madaktari na vifaa vya kila aina. Kiini, basi, ni nini?

Nyuma ya paja kuna misuli mitatu mikubwa inayotoka kwenye mfupa wa kukalia na kushikwa kwa kano chini ya goti. Kazi yake ni kukunja goti na kuvuta paja nyuma. Mchezaji anapokimbia kwa kasi, mguu hurushwa mbele, na kabla unyayo haujagusa ardhi misuli hiyo hulazimika kuuzuia mguu usinyooke kupita kiasi. Wakati huo huo inavutwa na kurefuka. Ni kama kamba inayofunga breki huku ikinyooshwa. Ikiwa haina nguvu za kutosha katika hali hiyo, nyuzi zake hukatika.

Kwa sababu hiyo, kujinyoosha peke yake hakujathibitika kuwa kinga. Misuli huhitaji kufundishwa kuzuia uzito huku ikirefuka, na zoezi linalofanya hivyo halihitaji kifaa chochote. Mchezaji hupiga magoti juu ya nyasi, na mwenzake humshika vifundo vya miguu kwa nguvu. Akiwa amenyoosha mwili kuanzia magotini hadi mabegani, huinama mbele polepole kadiri awezavyo, akijizuia kwa nyama za paja. Anaposhindwa, hudaka ardhi kwa mikono na kujisukuma kurudi juu.

Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha wachezaji 942 wa timu 50. Miongoni mwa waliofanya zoezi hilo kulitokea majeraha 15. Miongoni mwa wasiolifanya, majeraha 52. Wachezaji hao walianza na siku moja katika juma la kwanza, mizunguko miwili ya mara tano. Waliongeza kidogo kidogo hadi siku tatu kwa juma, na baada ya majuma kumi wakaendelea mara moja kwa juma.

Taratibu hiyo ina maana. Siku za mwanzo mapaja huuma, na anayeanza kwa pupa huliacha zoezi upesi. Hata timu nyingi kubwa za Ulaya zimekutwa hazilifuati ipasavyo. Kinachokosekana, basi, si fedha bali ni kudumu katika zoezi.

Aliyekwisha kuumia hupaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa maana jeraha la zamani ni miongoni mwa dalili kubwa za jeraha lijalo. Siku mbili tatu za mwanzo asichuliwe kwa nguvu wala kupakwa dawa za joto. Apumzike, aweke kitambaa cha maji baridi na kufunga paja kwa bandeji. Akisikia mlio wakati wa kuumia, akivilia damu sana au akishindwa kutembea, apelekwe kituo cha afya. Asirudi mchezoni kwa kuwa tu maumivu yamekwisha. Kwanza aweze kukimbia kwa kasi yake yote bila woga.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Dakika kumi za kupiga magoti nyasini, wawili wawili, kabla ya msimu kuanza, zaweza kumwepusha kijana na kutazama mavuno yakibebwa na wengine.