UNUNUZI NA ULINZI WA KOMPYUTA MPAKATO ZA BEI NAFUU

Wananchi wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kwamba kompyuta mpakato imekuwa miongoni mwa vyombo ambavyo familia nyingi huweka akiba ya miezi kadhaa ili kuvipata. Mwanafunzi wa chuo huandikia utafiti wake, mwalimu wa skuli hutayarishia masomo, na mfanyabiashara mdogo huweka hesabu zake. Kwa kuwa aghalabu fedha zilizopo hazitoshi kununua kompyuta mpya iliyo bora, wengi hununua iliyokwishatumika ng'ambo. Jambo hilo halina ubaya. Ubaya huanza pale mnunuzi anapotazama bei na umbo la nje tu, asijue chombo kimebakiwa na umri gani wala mwenyewe ni nani. Maelezo haya yanakusudiwa kumwezesha mwananchi kuyajua hayo mawili kabla ya kutoa fedha zake, na baadaye kuilinda amana atakayoiweka ndani ya chombo hicho.

1. UMRI WA KOMPYUTA

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10, uliotolewa mwaka 2015. Kompyuta yenye mfumo huo huendelea kuwaka, lakini kasoro mpya za usalama haziendelei kuzibwa, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango maalumu wa muda. Mfumo uliofuata, Windows 11, haukubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Kwa hivyo bei ndogo ya mashine ya zamani si lazima iwe neema.

Muuzaji anaposema kwamba kompyuta yake ni "Core i5", bado hajasema mengi, kwani jina hilo limetumika tangu mwaka 2009. Zinazoeleza ni tarakimu zinazofuata: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, na i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Kwa mashine za Intel, Windows 11 kwa kawaida huanzia kizazi cha nane. Mnunuzi azisome tarakimu hizo mwenyewe ndani ya mipangilio ya kompyuta, wala asitegemee kibandiko cha juu.

Kwa kazi za kawaida inafaa kompyuta yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Ziko mashine mpya za bei ndogo sana zenye hifadhi ya GB 32 au 64. Hizo hujaa upesi kwa mfumo wenyewe, na hifadhi yake aghalabu haibadilishiki. Ama Chromebook, kila aina imewekewa tarehe ya mwisho ya kupokea masahihisho, nayo huonekana katika mipangilio. Ambayo tarehe yake imepita isinunuliwe. Aliyekwishanunua mashine ya zamani asiitupe, kwani mifumo kama Linux Mint na Ubuntu hupatikana bila ya malipo na huweza kuitumikisha kwa miaka mingine.

2. UHALALI WA KOMPYUTA

Baadhi ya kompyuta za makampuni na skuli za ng'ambo hubaki zimeandikishwa kwa taasisi zilizozimiliki, na taasisi hizo huweza kuzifunga zikiwa mbali. Nyengine zimeibiwa. Njia iliyo bora ya kujua ni kutaka kompyuta ifutwe na kuanzishwa upya mbele ya mnunuzi, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Likitokea jina la taasisi, au likitakiwa neno la siri la mtu asiyekuwepo, fedha zisitolewe. Kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa la jinai, na hata asiyejua huweza kupoteza chombo na fedha kwa pamoja.

Risiti itaje jina la muuzaji, tarehe, aina ya kompyuta, muda wa dhamana na namba ya utambulisho iliyoandikwa chini ya mashine. Namba hiyo iwekwe pia nyumbani, kwani itahitajika polisi pindi kompyuta ikiibiwa. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Vilevile kompyuta iachwe iwake bila ya chaja kwa nusu saa dukani ili nguvu ya betri ijulikane, na chaja isomwe kama imeandikwa 100–240V.

3. ULINZI WA YALIYOMO

Chombo kikipotea hununuliwa chengine. Utafiti wa miaka miwili haununuliki. Kwa sababu hiyo wananchi wanashauriwa yafuatayo:

(a) Kuweka neno la siri refu, lisilotumika katika barua pepe wala benki.

(b) Kuwasha usimbaji wa diski. Neno la siri peke yake halimzuii mwizi kuitoa diski na kuisoma katika mashine nyengine. Usimbaji hufanya yaliyomo yasisomeke bila ya ufunguo. Ufunguo wa dharura uandikwe katika karatasi na uwekwe mbali na kompyuta, kwani ukipotea hata mwenyewe huweza kufungiwa nje.

(c) Kupokea masahihisho ya mfumo kila yanapotolewa, na kujiepusha na programu za wizi, ambazo mara nyingi hubeba virusi.

(d) Kuweka nakala mbili za kazi muhimu: moja katika diski ya nje, na ya pili katika intaneti au kwa jamaa wa kuaminika. Diski ya nje ichomolewe baada ya kutumika, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia huifikia nayo pia.

(e) Kuikinga kompyuta na unyevu, mchanga na hewa ya chumvi.

Mnunuzi asiye na ujuzi afuatane na anayejua. Inasisitizwa kwamba muuzaji mwaminifu hatochukia bidhaa yake kufunguliwa na kukaguliwa. Na anayekataa kuifuta kompyuta mbele ya mnunuzi huwa amekwishatoa jibu.